"Rudi Baada ya Miezi Sita": Alama Adimu za Jicho na Sababu ya Kuzifuatilia

Mwezi wa pili mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu, mwenye umri wa miaka 58, kwenye kliniki ya macho. Hakuwa na shida kubwa. Miwani yake ya kusomea ilikuwa haimtoshi tena, na herufi ndogo za msahafu zilikuwa zimeanza kumchenga. Alisomeshwa ubao wa herufi, akatiwa matone ya kupanua mboni, akakaa kwenye benchi karibu nusu saa huku kila kitu cha karibu kikigeuka ukungu, kisha akaitwa kwa daktari bingwa. Alitoka na vitu viwili: karatasi ya miwani mipya, na kadi iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu, "Doa nyuma ya jicho la kushoto. Arudi baada ya miezi 6." Hakuandikiwa dawa yoyote. Tulipofika kituo cha daladala aliniuliza, "Mwanangu, kama si ugonjwa, narudi kufanya nini? Na kama ni ugonjwa, mbona sikupewa dawa?"

Sikuwa na jibu la kumpa siku ile, na tangu hapo nimelisikia swali hilohilo kwa watu wengi. Ni swali la haki, kwa sababu sisi tumezoea kwamba hospitali ni mahali pa kupewa kitu: sindano, vidonge, au walau neno la kukutoa hofu. Anayeambiwa arudi bila kupewa chochote huhisi kwamba amefichwa jambo zito, au anasumbuliwa bure. Wengi hawarudi. Nimeandika makala haya kwa ajili yao, na kwa ajili ya ndugu wanaowasindikiza.

Tuanze na maneno matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku tunayachanganya. Dalili ni kile anachokihisi mgonjwa mwenyewe, kama vile maumivu, muwasho au ukungu. Alama ni kile anachokiona mtaalamu anapochunguza, hata kama mwenye jicho hahisi lolote. Ugonjwa ni hali inayodhuru, au ambayo itadhuru isipozuiwa. Watu hudhani kwamba mambo hayo matatu hufuatana daima, yaani palipo na ugonjwa pana maumivu, na palipo na alama pana ugonjwa. Kwenye jicho mambo hayo huachana mara nyingi. Kuna alama za kutisha ambazo hazina madhara maisha yote, na kuna ugonjwa unaomaliza uoni wa mtu asiyewahi kuumwa jicho hata siku moja.

Jicho ni kama chumba chenye dirisha moja dogo. Kioo cha dirisha ni konea, ile sehemu ang'avu iliyo mbele kabisa. Uwazi wa dirisha ni mboni, nao hupungua penye mwanga mkali na kupanuka penye giza. Ukuta wa nyuma wa chumba umetandikwa retina, utando mwembamba unaopokea mwanga, na kutoka kwenye ukuta huo hutoka mshipa wa fahamu unaopeleka habari kwenye ubongo. Anayechungulia kupitia tundu la ufunguo huona kipande cha ukuta tu. Ndiyo maana mtaalamu huweka matone yale ya kupanua mboni, ili dirisha lifunguke na pembe zote za chumba zionekane. Kifaa cha kwanza kilichomwezesha daktari kuuona ukuta huo kwa mtu aliye hai kilitangazwa mwaka 1851 na Mjerumani Hermann von Helmholtz. Hadi leo, nyuma ya jicho ndipo mahali ambapo daktari anaweza kutazama mishipa ya damu na mshipa wa fahamu waziwazi bila kupasua mwili, na kwa sababu hiyo hukutana na vitu ambavyo hakuna aliyekuwa anavitafuta.

Doa la shangazi lilikuwa miongoni mwa vitu hivyo. Chini ya retina kuna tabaka lenye mishipa mingi ya damu liitwalo koroidi, na ndani yake mna seli za rangi, za jamii moja na zile zinazotia ngozi weusi. Wakati mwingine seli hizo hujikusanya mahali pamoja zikafanya waa, kama lile waa jeusi ambalo mtu huwa nalo shavuni au mgongoni. Miongoni mwa watu weupe waa la namna hiyo huonekana kwa takriban mtu mzima mmoja kati ya 20, lakini kwa Waafrika weusi ni nadra zaidi, na ndiyo maana daktari aliliandika na kulipiga picha badala ya kulipita. Karibu mawaa yote ya aina hii hubaki yalivyo hadi mwisho wa maisha. Machache sana hugeuka kuwa saratani: makadirio yaliyofanywa kwa watu weupe ni kama waa moja kati ya 8,000 au zaidi kwa mwaka, na saratani yenyewe ni adimu zaidi kwa watu weusi.

Kwa nini basi arudi? Kwa sababu waa tulivu na saratani changa zinaweza kufanana sana zinapotazamwa siku moja. Daktari ana mambo anayoyapima: kama doa limenenepa kupita milimita 2, kama kuna majimaji yaliyotuama chini ya retina, kama kuna vumbi la rangi ya chungwa juu yake, kama liko karibu na mshipa wa fahamu, na kama mwenye jicho ameanza kuona vimulimuli au giza upande mmoja. Lakini ushahidi wenye uzito kuliko yote ni ukuaji, na ukuaji hauonekani kwenye picha moja. Mama anayempeleka mtoto kliniki kila mwezi analijua jambo hili bila kufundishwa. Uzito wa kilo 7 peke yake haumwambii muuguzi mengi. Kinachomwambia ni mstari kwenye kadi, kama unapanda, umelala au unashuka. Picha ya kwanza ya jicho ni nukta moja kwenye kadi, na ile miezi 6 ndiyo muda unaohitajika kuweka nukta ya pili. Kurudi huko ndiko kipimo chenyewe.

Hapa nitoe maoni yangu waziwazi. Mgonjwa anayeambiwa "rudi baada ya miezi sita" bila kuelezwa hayo amepewa nusu ya huduma. Dakika tatu za maelezo zingemtuliza shangazi kuliko miwani mpya, na naamini zingewarudisha kliniki watu wengi ambao leo majina yao yameandikwa kwenye daftari na hawakuonekana tena.

Alama ya pili ninayotaka kuieleza inawahusu Waafrika wengi zaidi. Mahali mshipa wa fahamu unapoingilia jicho panaonekana kama kisahani cha mviringo, na katikati yake pana shimo ambalo madaktari huliita kikombe. Kuta za kikombe hicho ni nyuzi za mshipa wenyewe, takriban milioni moja, zinazojikunja kuelekea kwenye ubongo. Kwenye ugonjwa wa glakoma, ambao watu wengi huuita presha ya macho, nyuzi hizo hufa kidogo kidogo, na kila zinapopungua kikombe hupanuka. Kwa hiyo daktari anapokuta kikombe kipana hushtuka. Taabu ni kwamba watu wenye asili ya Afrika kwa kawaida wana visahani vikubwa, na vikombe vikubwa, kuliko Wazungu, na wengi wamezaliwa hivyo wala hawana ugonjwa.

Fikiria kinu ulichokikuta jikoni kwa mtu. Tundu lake ni pana. Je, fundi ndiye aliyelichonga hivyo, au mchi umelila kwa miaka 30 ya kutwanga? Ukikitazama mara moja huwezi kujua, hata uwe na jicho kali namna gani. Lakini ukilipima tundu leo, ukalipima tena mwakani na mwaka unaofuata, utajua kama kinu kinaliwa. Daktari wa macho hufanya hivyohivyo kwa kikombe kinachotia shaka: hupima shinikizo la jicho, hupiga picha, humpima mgonjwa uwanja wa kuona, ile mashine inayowasha nukta za mwanga huku na huku na wewe ukabonyeza kitufe kila uzionapo, kisha hurudia vyote baada ya muda na kulinganisha. Shinikizo la kawaida huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, lakini lenyewe hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na wako wenye glakoma ambao hukutwa na namba ya kawaida kabisa. Kipimo kimoja kizuri hakimwachii mtu huru, na kimoja kibaya hakimhukumu.

Kwamba jambo hili linatuhusu si nadharia. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa takriban watu 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Ugonjwa huu huanza kula pembeni mwa uoni na kuacha katikati, kwa hiyo mtu anaendelea kusoma, kushona na kuendesha pikipiki huku kingo zikimezwa. Kilichopotea hakirudi kwa dawa wala kwa upasuaji, kwani matibabu yote hulinda kilichobaki tu. Ndugu wa damu wa mgonjwa wa glakoma, yaani kaka, dada na watoto wake, wana hatari iliyo kubwa mara kadhaa kuliko ya watu wengine. Ukisikia mzazi wako alipofuka kwa presha ya macho, hiyo ni habari yako wewe pia.

Hapo ndipo inapoangukia hoja inayosikika zaidi: "Mimi naona vizuri, nikapimwe nini?" Macho mawili ni kama wachukuzi wawili waliobeba robota la nguo kwa mti mmoja, mbele mmoja na nyuma mmoja. Mmoja akilegea, mwenzake huukaza mkono na mzigo haushuki, na mwenye mzigo hajui kitu. Wapo watu waliogundua kwamba jicho moja limepofuka siku walipolifunika lile zima kwa bahati, kwa mfano kibanzi kilipowaingia. Jaribu sasa hivi: ziba jicho moja kwa kiganja bila kulibana, tazama kalenda ya ukutani, kisha ubadilishe. Tofauti yoyote kati ya macho mawili ni sababu ya kwenda kuchunguzwa. Lakini kutokuona tofauti si cheti cha uzima, kwa sababu doa la shangazi lilikuwa pembeni na halikugusa usomaji wake hata kidogo.

Si kila alama ya jicho inangoja miezi 6, na hili nalo lieleweke vizuri, maana mtu anaweza kuzoea neno "tutafuatilia" akalala mahali pasipolalwa. Iko moja ambayo haivumilii hata wiki chache. Mtoto mdogo anapopigwa picha kwa flashi, mboni yake huweza kung'aa nyekundu, kwa sababu mwanga umepenya hadi nyuma na kurudi na rangi ya damu iliyomo ukutani. Mboni moja ikitoka nyekundu na ya pili ikatoka nyeupe, au ikimeta kama jicho la paka gizani, mtoto huyo aonwe na daktari wa macho ndani ya siku chache. Huenda ni mtoto wa jicho wa kuzaliwa. Huenda kamera imelilenga jicho kwa pembe iliyoakisi kisahani cha mshipa wa fahamu, na hakuna tatizo. Na huenda ni retinoblastoma, saratani ya retina inayowapata watoto, wengi wao wakiwa hawajatimiza miaka 5. Hutokea kwa mtoto mmoja kati ya takriban 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Makengeza yaliyoanza ghafla nayo yanaweza kuwa ishara yake.

Saratani hii ikiwahiwa ikiwa bado ndani ya jicho, idadi kubwa mno ya watoto hupona. Katika nchi tajiri ni zaidi ya 95 kati ya 100. Ikichelewa hadi ikatoka nje ya jicho, maisha yenyewe huwa hatarini, na kwetu wengi huchelewa. Baadhi ya wazazi huambiwa nyumbani kwamba weupe ule ni uzuri, wengine kwamba ni jicho la hasidi, na wapo wanaofika hospitali mapema lakini wakaondoka usiku baada ya kuambiwa kwamba jicho litolewe. Siwezi kumlaumu mzazi huyo. Hakuna neno zito kama hilo, na hastahili kuelezwa kwa haraka kwenye korido. Ninachoomba ni kwamba aelezwe mara mbili na mara tatu, na akutanishwe na mzazi mwingine ambaye mtoto wake ametolewa jicho, ametiwa la bandia, na sasa yuko shuleni.

Baada ya tiba hiyo ufuatiliaji ndio unaanza. Kwa watoto wengine kasoro ya jeni imo katika seli zote za mwili, kwa hiyo uvimbe mpya unaweza kutokea kwenye jicho la pili, na wadogo zake wanaweza kuwa wamerithi kasoro hiyohiyo. Ndiyo maana mtoto huchunguzwa tena na tena, mara nyingi akiwa amelazwa usingizi kwa dawa ili jicho litulie, na ndugu zake nao huitwa. Mzazi anayejiuliza kwa nini mtoto aliyepona aendelee kusafirishwa kila baada ya wiki kadhaa ajue kwamba uvimbe wenye ukubwa wa punje ya mtama hutibika bila kulitoa jicho, na kwamba hauna njia ya kuonekana kutoka nje.

Huku Afrika Mashariki kuna alama nyingine inayodharauliwa, nayo iko mbele kabisa, mahali ambapo hata jirani anaiona. Ni kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho na kutambaa kuelekea konea. Mara nyingi ni kinyama cha kawaida kinacholetwa na miaka ya jua, vumbi na upepo, kama kwa wavuvi na waendesha bodaboda. Lakini baadhi yake ni saratani ya utando wa juu ya jicho, ambayo katika ukanda wetu huonekana zaidi, ikihusishwa na mionzi ya jua pamoja na maambukizi ya VVU, na hata daktari mzoefu huenda asizitofautishe mpaka kipande kipelekwe maabara. Utafiti uliofanyika Kenya chini ya Dkt. Stephen Gichuhi na wenzake, na kuchapishwa mwaka 2016, unaonyesha vizuri kwa nini mgonjwa arudi hata baada ya kukatwa. Kati ya waliopasuliwa na kupewa matone yasiyo na dawa, 36 kati ya 100 uvimbe ulirudi ndani ya mwaka mmoja. Kati ya waliopewa matone ya dawa ya saratani baada ya kupasuliwa, ulirudi kwa 11 kati ya 100. Tofauti ni kubwa, lakini hata wale waliopata dawa walihitaji mtu wa kuwaangalia ili wachache hao wajulikane mapema.

Zipo pia alama za jicho zinazozungumzia mwili mwingine. Pete ya rangi ya kahawia yenye kijani au dhahabu kwenye ukingo wa konea inaweza kutokana na shaba iliyozidi mwilini, katika ugonjwa wa kurithi uitwao Wilson unaoharibu ini na ubongo, nao una tiba. Isichanganywe na ile duara ya kijivu inayozunguka macho ya babu na bibi, ambayo ni mafuta ya uzee na haizuii kuona. Duara hiyo ikimpata kijana ndipo hupaswa kupimwa mafuta ya damu.

Kuhusu matone ya kupanua mboni, yanaogopwa bure. Ukungu na usumbufu wa mwanga huisha baada ya saa chache, kwa kawaida siku hiyohiyo, ila usiendeshe chombo na uende na mtu wa kukushika mkono. Ya kuogopwa ni matone ya dukani yenye steroidi, yanayonunuliwa kwa ajili ya wekundu na muwasho na kurudiwa miezi kadhaa bila mtu kuangalia, kwani yanaweza kupandisha shinikizo na kuleta glakoma ya kutengenezwa. Na ule uvumi kwamba daktari hulitoa jicho, akaliweka mezani, akalisafisha na kulirudisha, hauna ukweli wowote. Jicho likikatwa mshipa wake wa fahamu halioni tena, na hakuna duniani anayejua kuuunganisha.

Muda wa kurudi hutegemea mtu. Mwenye kisukari achunguzwe nyuma ya jicho kila mwaka tangu anapogundulika, ikiwa ni kisukari cha ukubwani, hata kama anaona nzi ukutani. Anayetumia hydroxychloroquine kwa miaka kwa ajili ya baridi yabisi au lupasi achunguzwe mwanzoni, na kila mwaka baada ya miaka 5, kwa sababu dawa hiyo inaweza kujeruhi katikati ya retina bila maumivu. Dozi fupi za klorokwini, dawa ya jamii hiyo tuliyoimeza zamani kwa malaria, hazihusiki. Aliyevuka miaka 40 na ana ndugu mwenye glakoma asingoje miwani iishe nguvu.

Nauli ya kwenda na kurudi ni mzigo wa kweli, na kwa mtu wa kijijini siku ya kliniki ni siku bila kipato. Kwa sababu hiyo kila safari ifanywe iwe na faida: uliza jina la kilichoonekana, kiko jicho gani, kwa nini muda uliotajwa ni huo, na ni kitu gani kikitokea katikati urudi mara moja. Vimulimuli vya ghafla, mvua ya vidoa vyeusi, pazia linaloshuka upande mmoja, au maumivu makali pamoja na wekundu haviingoji tarehe ya kwenye kadi. Kisha omba picha. Ukihama mkoa, au mashine ya hospitali ikabadilishwa, picha ya kwanza ndiyo inayopotea, na bila hiyo daktari mpya anaanza kuhesabu upya.

Tulirudi mwezi wa nane. Daktari aliziweka picha mbili kwenye skrini, ya Februari kushoto na ya siku ile kulia, akamwita shangazi asogee. Alimwonyesha kwa ncha ya kalamu mahali ukingo wa doa ulipokuwa unagusa panda ya mshipa mwembamba wa damu, kisha akamwonyesha panda hiyohiyo kwenye picha ya pili. Ukingo ulikuwa palepale. Shangazi alitazama kwa muda, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa mtandio, akatazama tena. "Kumbe ndicho mlichokuwa mnakingoja," alisema. Kwenye kadi paliandikwa mwaka mmoja, na picha zote mbili sasa zimo kwenye simu yangu na ya binti yake.